Alama ya Msumari kwenye Namba Nne

Tarime,
jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Bhoke,

Watu wakiandika barua huanza kwa kusema mimi mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Wewe huko mbali hujafika. Uko chumba cha pili, nakusikia ukibishana na mama yako kama blanketi liingie ndani ya sanduku au lifungwe juu kwa kamba. Kati yetu kuna pazia tu. Ningeweza kukuita. Ungeitika "Abee baba," ungeingia, ungesimama na mikono nyuma, nami ningekuuliza kama umekunywa chai, ungesema ndiyo, mambo yangeishia hapo. Najijua. Ndiyo maana nimekuja huku kwenye meza ya kazi, nikasogeza koleo na waya pembeni, nikachukua karatasi.

Mambo ya safari simo. Namna ya kulikalia sanduku pale Mwanza ukingoja treni, namna ya kujibu mtu asiyekujua, nguo ipi uvae siku ya kwanza ya kozi, hayo mama yako amekwisha kuyasema mara nne, na ya tano atayasemea ndani ya basi mpaka Musoma atakakokuacha. Mimi nina jambo moja, na nitalisema hapa juu kabla sijapata mahali pa kujificha.

Ile spika ya studio hukuiunguza wewe. Niliiunguza mimi. Nyaya uliziunga sawasawa, na nimelijua hilo kwa miaka sita.

Sasa nimelisema. Yaliyobaki ni kukueleza ilivyokuwa, maana hustahili kuachiwa sentensi tatu tu kwa jambo ulilolibeba tangu una miaka kumi na mmoja.

Uliporudi kutoka kwenye usaili mwezi uliopita ulikuwa unacheka. Ulitusimulia kwamba wale wazee watatu walikuuliza kama umewahi kushika mitambo ya sauti, nawe ukawajibu, "Nikiwa mdogo niliunguza spika ya studio, tangu hapo nimekuwa mwangalifu." Wakacheka, wakakupitisha uende Dar es Salaam ukasomee ufundi wa mitambo ya redio. Mimi pia nilicheka. Mama yako hakucheka, alinitazama tu. Ulipotoka kwenda kuchota maji akaniambia, "Baba Bhoke, huyu mtoto amejitambulisha kwa watu kwa kosa lako. Usipomwambia, nitamwambia mimi ndani ya basi, tena kwa namna yangu."

Namna yake unaijua. Bora hii yangu.

Unakumbuka tulivyokuwa tukikaa Nyanungu, miaka ile watu walipokuwa wanahamia kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari mmoja na kila mtu analalamika kwamba jogoo wa jirani anawika sikioni mwake. Mimi nilikuwa fundi redio peke yangu eneo lile, na hilo lilinivimbisha kichwa. Misheni iliyokuwa kilimani ilikuwa na chumba kidogo cha kurekodia kwaya na mahubiri. Mhubiri aliyekianzisha alirudi kwao, akaacha mashine ya mkanda na spika mbili, vyote chini ya Mzee Nashoni. Mzee Nashoni alikuwa mtunza funguo, lakini masikio aliyokuwa nayo sijayaona kwa fundi yeyote.

Zile spika zilikuwa kuukuu hata wakati ule. Mbao nzito, kimo cha mbuzi aliyesimama, mbele zimefunikwa kitambaa cha kahawia. Ndani ya kila moja mlikuwa na spika kubwa ya sauti za chini, na juu yake ndogo ya sauti za juu, ile tuitayo twita. Mara ya kwanza Mzee Nashoni alipotuwashia nilisikitika, nikasema mbona hazina mdundo. Akanijibu, "Spika ya baa inakufurahisha. Hii inakuambia ukweli. Anayerekodi hatafuti kufurahishwa." Kisha akaweka mkanda wa mzee mmoja mpiga litungu, ile ala yetu ya nyuzi, na wewe, uliyekuwa umekaa chini umekumbatia magoti, ukaruka ukasema, "Baba! Anavuta pumzi kabla ya kuanza!"

Mimi sikuwa nimeisikia. Ilibidi aurudishe mkanda. Kweli, kabla ya uzi wa kwanza kulikuwa na pumzi, ya mzee anayejiweka sawa kwenye kigoda. Mzee Nashoni alikutazama, akasema, "Huyu umlete Jumamosi." Ukawa unaenda kila Jumamosi. Alikufundisha kusafisha kichwa cha mashine, kusoma namba nyuma ya mitambo, na kunyamaza mkanda unapozunguka. Nilikuonea wivu kidogo, na hilo nalo sijawahi kulisema.

Basi ikaja habari kwamba wageni wa wilaya watakuja kukagua kijiji kipya. Mwenyekiti wetu, Mzee Magige, alitaka mkutano usikike. Alikuja kwangu mwenyewe na fimbo yake, akasema, "Fundi, nataka mtu aliye kule ng'ambo ya mto aache jembe asikilize." Mimi nilikuwa na ile amplifaya yangu ya wati kumi na tano, iliyotosha harusi ya watu waliokaa karibu karibu. Spika ya kufaa uwanja sikuwa nayo. Nikapanda kilimani kumwomba Mzee Nashoni moja ya zake.

Alikataa, nikabembeleza. Mwisho akanipa ya kushoto, akaniambia, "Chukua, ila usiikamue." Nikasema, "Mzee, nitaikamuaje? Hii imeandikwa wati thelathini, amplifaya yangu ni kumi na tano tu. Ndama hawezi kumchosha maksai."

Hapo ndipo kosa langu lilipokaa, nami nataka ulione vizuri, kwa kuwa mafundi wengi wa kwetu wamo humo mpaka leo. Kwa Kiswahili chetu tunasema nguvu, na neno ni hilo hilo kwa vyote viwili. Nguvu ya amplifaya, nguvu ya spika. Nikasoma thelathini nyuma ya spika nikafikiri spika ina nguvu thelathini, kama ng'ombe kwenye nira, kwamba nikiifunga na amplifaya dhaifu, yenye nguvu itaivuta iliyo dhaifu. Lakini spika haina nguvu ya kumpa mtu. Ile thelathini ni kiasi inachoweza kubeba. Wati za amplifaya ni za kutoa, wati za spika ni za kuvumilia, na mimi nilizihesabu kama kitu kimoja.

Siku ya mkutano tuliazima jenereta, tukaweka mitambo chini ya kibanda cha majani ya migomba. Nyuma ya amplifaya kulikuwa na skrubu zimeandikwa nne, nane, kumi na sita. Nilikuwa na haraka, wageni wameonekana bondeni na vumbi lao, nikakuambia, "Bhoke, unga hizo nyaya mbili." Hukukurupuka. Ulizunguka nyuma ya spika, ukainama, ukasoma kibati chake ambako ukinzani wake umeandikwa, ukarudi, ukasema, "Baba, spika inasema omu kumi na tano. Niweke kumi na sita?" Nikasema weka. Nakumbuka hata ulivyokaza ile skrubu kwa ncha ya kisu, ulimi umeutoa nje.

Mkutano ukaanza. Kwaya ikaimba, nobu ya sauti ikiwa namba nne, safi. Mzee Magige akasimama kuhutubia. Akageuka, akanipungia fimbo kama kijana wake, "Ongeza, mura!" Nikaenda sita. Akasema maneno mawili, akageuka tena, "Fundi, ongeza! Hata watu wa Susuni wasikie!" Watu wakacheka, na wewe unajua Susuni ilivyo mbali. Nikaenda nane. Sauti ikaanza kukwaruza. Niliisikia, Bhoke. Uliisikia pia, maana ulinivuta shati ukasema, "Baba, inalia." Nikakuambia nyamaza.

Mbele ya watu wote wale, wageni wamevaa suti za mikono mifupi, ungemtaka Mkurya gani aseme kwamba uwezo wake umeishia hapo? Kungekuwa na ubaya gani kusema, "Mzee, ndipo mwisho, watu wasogee karibu"? Wangesogea. Walikuwa na miguu. Lakini nilipeleka kumi, nikaiacha huko kwa hotuba nzima, na hotuba za Mzee Magige unazijua.

Kabla hajamaliza, sauti za juu zilikatika. Alibaki anasikika kama mtu aliyejifunika blanketi. Harufu ya kuungua ikatoka kwenye kile kitambaa cha kahawia.

Mzee Nashoni alipenya katikati ya watu akaja, akaweka sikio kwenye spika, akauliza polepole, "Nani aliunga nyaya?"

Hakuuliza nani alizungusha nobu. Angeuliza hilo, labda ningejibu kweli. Aliuliza nyaya, na mdomo wangu ukaona mlango umefunguliwa. Nikasema, "Mtoto."

Kiapo naweza kula kwamba wakati ule sikujua kilichoiua. Nilidhani huenda kweli kuna kitu kwenye nyaya. Lakini sikukagua hata. Mzee Magige akasema kwa sauti, sasa bila kipaza sauti na akasikika vizuri kabisa, "Ndiyo maana tunasema mambo ya umeme si ya wasichana." Watu wakacheka. Wewe ulikuwa umesimama na kile kisu mkononi.

Nami nikafanya lile ambalo ndilo baya kuliko yote. Nikakuwekea mkono kichwani mbele ya watu nikasema, "Mtoto ni mtoto. Nimemsamehe." Akina mama wakasema huyu ni baba mpole, wengine wangechapa. Nikakusamehe kosa langu mwenyewe, Bhoke, na nikasifiwa kwa hilo. Na wewe ukaniangalia, machozi yamejaa, ukasema, "Asante, baba."

Jumamosi iliyofuata hukwenda kilimani. Sikukukataza. Ulisema tu kwamba una nguo za kufua.

Baada ya kuhamia hapa Tarime, Mzee Nashoni aliniletea zile spika mbili juu ya lori la pamba. Misheni haikuwa na mtu wa kuzitumia tena. Akasema labda siku moja nitaiponya ya kushoto. Unamkumbuka Fundi Salimu, yule mzee wa kutoka pwani, kibanda chake kilikuwa nyuma ya msikiti, Mungu amrehemu. Nilimpelekea ile twita. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Aliifungua kwenye kitambaa cheupe, akanionyesha waya wake, mwembamba kama unywele, umekuwa mweusi na umekatika.

Akasema, "Hii haikuuawa na nguvu, Fundi Marwa. Imeuawa na ukosefu wa nguvu."

Nikamwambia aache mafumbo. Akacheka, akachukua kipande cha chaki akanichorea mezani. Amplifaya ikifika mwisho wa uwezo wake haisimami na kusema nimechoka. Inaendelea kusukuma, ila vilele vya sauti vinakatika, kama shamba la mahindi ambalo mtu amefyeka vichwa vyote usawa mmoja. Pale palipokatwa ndipo mkwaruzo unapozaliwa, na mkwaruzo wote hupanda kwenye ile spika ndogo ya juu, iliyotengenezwa kubeba vitu laini. Inapata joto. Kwa dakika moja itavumilia. Kwa hotuba ya Mzee Magige, hapana.

Kisha akaniuliza, "Nani aliziunga nyaya?" Swali lile lile. Nikamweleza skrubu zilivyokuwa na namba uliyochagua. Akasema, "Basi binti yako fundi. Kumi na sita kwa spika ya kumi na tano, pahala pake hasa. Alokosa ni alozungusha nobu."

Nikatembea kurudi nyumbani nikiwa nimeazimia kukuambia. Nilikuwa nimepanga mpaka maneno. Nikakukuta unasuuza masufuria nje. Ukasema, "Shikamoo baba. Wamesema itapona?" Nikaitikia marahaba, nikasema, "Wamesema imekufa." Ukainamisha kichwa. Nilisimama pale nikakuona ukiinamisha kichwa kwa kosa ambalo muda mfupi nyuma nilikuwa nimeonyeshwa kwa chaki kwamba ni langu. Nikaingia ndani nikaomba chakula.

Siku ya mkutano nilikosa kwa woga na haraka. Siku hii ya pili hakukuwa na haraka yoyote. Nilichagua. Ukitaka kunikasirikia, anzia hapo.

Sababu nilizojipa nyingi ni za kijinga, lakini nitakupa moja ya kweli. Nilikuwa nimeanza kuupenda upole wako. Kabla ya ile spika ulikuwa mtoto wa kelele. Kanisani Nyanungu wewe ndiye uliyekuwa ukianzisha nyimbo, kisauti kinapaa juu ya kwaya nzima mpaka mwalimu wa kwaya anakonyeza watu. Baada yake ukawa unaitikia. Hukuanzisha tena. Shuleni wakaandika kwenye ripoti, "Mpole, mtulivu, mwangalifu," nami nikaionyesha kila mteja aliyeleta redio. Mama yako alisema mara moja tu, akiwa anapepeta mtama, "Mtoto ameacha kuimba." Nikamwambia amekua. Wewe hukuwa umekua. Ulikuwa umejipunguza.

Tazama hata ile amplifaya iliyoko hapa mbele yangu. Tulipohamia ulichukua msumari ukakwaruza mstari mdogo kwenye namba nne. Nilipokuuliza ukasema, "Ili mtu yeyote asipite hapo kwa bahati mbaya." Nikakusifu kwa uangalifu. Mstari ule nimeuona kila asubuhi niwashapo mtambo, na kila asubuhi nimeelekeza macho kwingine.

Fundi Salimu alinifundisha jambo la pili siku ile, na hili ulichukue kama la ufundi, mengine utaona mwenyewe. Nilimuuliza basi nifanyeje, akasema, kwa spika inayobeba thelathini, tafuta amplifaya ya hamsini, ya sitini. Nilimwona mwehu. Nikasema ya kumi na tano imeiua, sitini si itaichoma na nyumba? Akasema, "Kubwa itaiua ukikosa adabu. Ndogo huua hata mwenye adabu, kwa kuwa unaidai isicho nacho." Ukubwa ule, akasema, hautumiwi wote. Unaiendesha pale pale kwenye thelathini au chini yake, lakini ngoma ikipigwa ghafla, au mwimbaji akipaa, kuna nafasi, hakuna kinachokatwa kichwa. Ile ziada ni ya kupumulia.

Nimelifikiri neno hilo kwa miaka, si mezani hapa tu. Unakumbuka ile siku nilipanga foleni ya sukari kwenye duka la ushirika tangu alfajiri, zamu yangu ilipofika gunia likawa tupu, nikarudi nyumbani nikamfokea mama yako kwa sababu ya chumvi. Chumvi haikuwa na kosa, na mama yako ndiye kabisa hakuwa nalo. Nilikuwa nimefika namba kumi na sikutaka mtu ajue. Mara zote nilizopiga kelele humu nyumbani, Bhoke, ukizichunguza utakuta nilikuwa nimeishiwa. Na mara zote kelele hizo zilimwishia aliye mwembamba zaidi karibu nami.

Huko uendako utakuta mitambo yenye namba za kutisha. Wenzako wengine watakuwa wanaume waliosoma vitabu vingi, na mmoja wao hakika atakuambia kwa uhakika mkubwa kwamba amplifaya ndogo ni salama kwa spika kubwa. Mpe kiti, umweleze kwa chaki. Na siku ukifika mwisho wa uwezo wako, useme ndipo mwisho, watu wasogee karibu. Utaona kwamba wana miguu.

Lakini nilikuwa sijamaliza yangu. Nilijua haitoshi kukuambia wewe peke yako jambo nililolisema hadharani. Jumatatu nilipokuambia naenda kufuatilia betri, nilikwenda Nyanungu kwa baiskeli. Mzee Magige nilimkuta anaota jua, amezeeka, nikapiga magoti karibu na sikio lake nikamweleza yote. Akafikiri sana. Akasema hakumbuki spika yoyote. Mkutano anaukumbuka, ulifana, ila spika hakumbuki. Nikachukua baiskeli yangu nikaondoka. Wote waliokucheka wamesahau, mwanangu. Uliyebaki na kumbukumbu ni wewe, mtu ambaye hakustahili kuibeba.

Mzee Nashoni hakuwa amesahau. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilijua, mura. Nilitazama nyaya siku ile ile. Nilikuwa nangoja uje." Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema, "Ningesema, angepoteza baba. Nikaona bora apoteze spika. Sijui kama nilipima sawa." Kisha akaingia ndani, akatoka na ule mkanda wa litungu umefungwa kwenye gazeti, akasema nikupe. Amesema pia kwamba Jumamosi zake bado ziko wazi ukija likizo.

Sasa sikiliza. Spika ya kushoto inafanya kazi tangu juzi. Nimepata twita ya aina yake, na namna ilivyopita Sirari na mpaka wa Kenya wenyewe umefungwa usiniulize, wala usiwaulize hao wa serikali huko uendako. Amplifaya ya wati sitini ni ile niliyokuwa nikiitengeneza tangu masika nikikuambia ni ya mteja. Hakukuwa na mteja. Mitambo yake mipya nimeihamishia ndani ya kasha la amplifaya yetu ya zamani, na sahani ya mbele nimeacha ile ile yenye namba, na mstari wako wa msumari upo pale pale. Nilishika tupa niusugue, nikaiweka chini. Si mimi wa kuufuta.

Neno samahani sitaliandika hapa. Nililitumia vibaya mara moja mbele ya watu, nilipojifanya mimi ndiye mwenye kusamehe. Msamaha, unipe au usinipe, muda ni wako. Lakini ile asante uliyonipa chini ya kile kibanda, na kisu mkononi, nakurudishia leo. Niliishika miaka yote hii na haikuwa yangu.

Kesho basi linaondoka saa kumi na mbili na nusu. Ukiamka, kabla ya chai, ingia huku. Mkanda nimekwisha kuuweka. Washa, ungoje kidogo mpaka mtambo upate joto, kisha zungusha nobu wewe mwenyewe, upite mstari. Itakwenda tano, itakwenda sita, haitakwaruza. Usingoje litungu. Tega sikio kabla ya uzi wa kwanza, usikie kama yule mzee bado anavuta pumzi.

Mimi nitakuwa nje nafunga sanduku kwenye baiskeli. Ukiona ni vigumu kuongea nami, panda basi na mama yako, nitaelewa, na barua yako ya kwanza kutoka kozini nitaingoja hivyo hivyo. Ila ukitaka kuniita, Bhoke, usiniite kama mtu anayeitikia. Niite kama ulivyokuwa ukianzisha nyimbo.

Ni mimi,
baba yako